Siku 11 bila ufunguo

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, tunaomba nafasi tusimulie jambo lililotufika mwezi Julai uliopita jijini Dar es Salaam. Ni jambo dogo, kwani lilidumu siku 11 tu. Hata hivyo, mpaka leo hatujamaliza kulilipa.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, wasichana, tuliozaliwa na kulelewa Muheza, mkoani Tanga. Mkubwa wetu alichelewa mwaka mmoja kujiunga na chuo kwa sababu ya maradhi ya marehemu baba yetu, Allah amrehemu, na kwa hiyo tukaingia chuo pamoja. Mwaka wa kwanza tulikaa bwenini. Mwaka wa pili tulipanga chumba kimoja Sinza, kwa mkataba wa miezi sita uliomalizika tarehe 30 Juni.

Mwezi Mei mwenye nyumba alituita barazani akatueleza kwamba hataongeza mkataba. Mwanawe alikuwa anaoa mwanzoni mwa Julai, na chumba chetu ndicho ambacho maharusi wangeanzia maisha. Hatukuwa na la kulalamika. Alitupa taarifa mapema, na sababu yake ilikuwa ya kheri.

Tukamtafuta dalali. Baada ya kuonyeshwa vyumba vingi, tulikipenda kimoja cha Mabibo: shilingi 90,000 kwa mwezi, dirisha kubwa, na maji yanayotoka. Kama ilivyo ada ya jiji hili, tulitakiwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, yaani 540,000, na dalali naye achukue kodi ya mwezi mmoja. Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia. Mama akaongeza fedha alizopata kwenye machungwa, tukalipa. Tulipomuuliza dalali ni lini tutahamia, alijibu, “Mwanzoni mwa mwezi wa saba.” Nasi tukasikia tarehe 1 Julai, kwa sababu ndiyo tuliyotaka kuisikia.

Tarehe 26 Juni tulikwenda Mabibo kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Mlango ulifunguliwa na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Alitusikiliza kwa upole, akaingia ndani, akarudi na mkataba wake. Alikuwa amelipa mpaka tarehe 10 Julai. Hakuwa na kosa lolote. Siku zake zilikuwa haki yake kama zetu za Sinza zilivyokuwa haki yetu. Tulipompigia simu dalali, hakuona tatizo. Kwake yeye, hata tarehe 11 ni mwanzoni mwa mwezi.

Basi tukawa watu waliolipa kodi lakini hawana mahali pa kulala. Ufunguo mmoja ungerudishwa jioni ya tarehe 30 Juni, na wa pili ungepokewa asubuhi ya tarehe 11 Julai. Katikati palikuwa na usiku 11, na mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa inaanza tarehe 6.

Tuliketi juu ya godoro tukapiga hesabu. Nyumba ya wageni ya bei nafuu tuliyoiona ilitaka 25,000 kwa usiku mmoja. Kwa usiku 11 zingekuwa 275,000, zaidi ya kodi ya miezi mitatu, na hatukuwa nazo. Isitoshe, wasichana wawili kuingia na kutoka gesti usiku na mchana ni jambo ambalo hata kama nia ni safi, macho ya watu hayangeliona hivyo. Kurudi Muheza haikuwezekana kwa sababu ya mitihani. Kumwomba mwenye nyumba siku 11 zaidi kulimaanisha kuwaweka maharusi nje. Tulimwomba jambo jepesi zaidi, atuhifadhie mizigo, naye akakubali ikae stoo. Tuliandika orodha ya kila kitu, kuanzia jiko la gesi mpaka ndoo, tukasaini sisi na mkewe, kila upande ukabaki na nakala. Katika kisa hiki chote, hilo ndilo pekee tulilolifanya sawasawa tangu mwanzo.

Palikuwa na mlango mmoja ambao hatukuutaja katika hesabu ile. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, anakaa Magomeni. Kutoka Sinza si zaidi ya nusu saa kwa daladala. Katika miaka miwili ya chuo tulikuwa tumemtembelea mara tatu, na mara mbili kati ya hizo zilikuwa siku za Idd. Kila alipopiga simu tulimwambia tuna vipindi, au tuna kazi za kukusanya, na kwamba wiki ijayo, inshallah, tutafika. Tulilitumia jina la Mola wetu kufungia ahadi ambazo hatukukusudia kuzitimiza. Sasa tungesimamaje mlangoni pake na mabegi? Kila mmoja wetu alimfikiria, na hakuna aliyethubutu kumtaja kwa mwenzake.

Badala yake tulikwenda bwenini kwa rafiki yetu. Wanafunzi wana neno lao, kubebana: mwenye kitanda humlaza asiye na kitanda, kinyume na kanuni za bweni. Usiku wa kwanza mmoja wetu alilala naye kitandani, mwingine akalala sakafuni juu ya mkeka, kati ya vitanda viwili. Usiku wa pili, karibu saa sita, tulisikia msimamizi akigonga mlango wa jirani na kuita majina. Mmoja wetu akajisukuma uvunguni, nyuma ya sanduku. Mwingine akakimbilia chooni akasimama gizani. Msimamizi alipita bila kuingia chumbani kwetu. Tulipotoka mafichoni tulimkuta rafiki yetu ameketi kitandani, anajaribu kujimiminia maji ya kunywa, na mkono unatetemeka hata maji yakamwagika kwenye daftari lake.

Hakutulaumu. Lakini tulilala macho mpaka Alfajiri tukijua tulichokifanya. Yule dada alikuwa ameweka saini kwamba hatalaza mtu. Kama tungekutwa, ni yeye ambaye angetolewa, tena katika juma la kuamkia mitihani. Sisi tuliokuwa tukilalamika kwamba makubaliano yetu hayakuandikwa vizuri tulikuwa tumemtia mwenzetu katika kuvunja ya kwake yaliyoandikwa vizuri. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Hatukuwa na ruhusa ya kuyafungua masharti ya mtu mwingine kwa ajili ya dhiki yetu.

Asubuhi ya tarehe 2 Julai tulimpigia mama, naye hakuwa akijua lolote.

“Mmelala wapi?” aliuliza baada ya kutusikiliza.

Tukamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu hata tukadhani salio limekwisha.

“Shangazi yenu kahama Magomeni?”

“Hapana, mama.”

“Basi mnanipigia mimi huku Muheza kwa nini?”

Tulimwomba ampigie wifi yake, atutangulizie maneno. Alikataa. “Nikimpigia mimi, nitakuwa nimewaombea chumba. Mkienda wenyewe, mtakuwa mmemwendea shangazi yenu.”

Tulifika Magomeni kabla ya Adhuhuri. Shangazi alikuwa ameketi uani na ungo mapajani, anachagua mchele wa vitumbua. Tulipiga hodi, tukamwamkia shikamoo. Aliyatazama mabegi, akatutazama sisi. “Marahaba, wanangu. Mmekula?” Hakuuliza tumekuja kwa muda gani, wala hakutaja zile simu. Laiti angetukaripia, pengine mzigo ungepungua.

Yeye naye ni mpangaji. Ana vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Kimoja analala yeye na binti yake, na kingine ni cha mwanawe wa miaka 17, aliye kidato cha nne. Jioni ile kijana alikusanya shuka na vitabu vyake, akatuambia huku anacheka kwamba yeye atalala kwa rafiki yake mtaa wa pili, wana mambo yao ya kujisomea. Kwa kuwa mtoto wa shangazi si maharimu wetu, tuliona hiyo ndiyo stara, na tukaona limekwisha. Tulimwamini upesi, kwa sababu kumwamini kulitufaa.

Siku tatu zile tulisoma, tukala, tukaswali, tukalala. Tulikuwa tumekumbushana mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba haifai mgeni akae mpaka amtie mwenyeji wake uzitoni. Kwa hiyo baada ya swala ya Alfajiri ya tarehe 5 tulifunga mabegi yetu. Hatukujua tunakwenda wapi. Tulijua tu kwamba siku tatu zimetimia.

Shangazi alitukuta mlangoni. “Mmechoshwa na uji wangu?”

Tukamweleza kuhusu siku tatu, kwa adabu, na tunakiri kwamba tulieleza kwa kujiona kidogo, kama watu wanaoonyesha elimu yao. Alitusikiliza mpaka mwisho.

“Siku tatu ni haki ya mgeni,” akasema. “Ni nani aliyewaambia kwamba ninyi ni wageni? Watoto wa kaka yangu wanahesabu siku nyumbani kwangu!” Kisha sauti yake ikashuka. “Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya nne. Nilikuwa nangoja mniulize jembe liko wapi.”

Hatukuwa na jibu. Tangu tufike, mwanamke huyu mwenye umri wa mama yetu alikuwa akiamka saa kumi usiku kukoroga unga, kuwasha mkaa na kuchoma vitumbua vya kuuza, na sisi tulikuwa tumelala chumba cha pili, tukiusikia moshi na harufu ya iliki, tukijigeuza upande wa pili. Maneno yale ya jembe tuliyajua tangu utotoni, lakini tuliyachukulia kuwa ni njia ya kumfukuza mgeni bila kumtolea ukali. Asubuhi ile tuliyaelewa vingine. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa watu wa shamba. Anayekaa bila kulishika ndiye anayebaki mgeni, na ndiye anayekuwa mzito.

Shangazi akatukabidhi kikaango na kijiti cha kugeuzia. Tokea siku hiyo tuligawana zamu: mmoja anachoma, mwingine anasoma karibu na jiko, kisha tunapokezana. Tulivunja vitumbua vingi vya mwanzo, na vilivyovunjika ndivyo tulivyofungulia kinywa. Tarehe 6 tuliingia katika mtihani wa kwanza nguo zetu zikinuka moshi, na mioyo yetu ilikuwa imetulia kuliko siku zote za juma lililopita.

Tungependa kisa kiishe hapo, lakini hakikuishia hapo. Tarehe 8, mara baada ya Alfajiri, mmoja wetu alitumwa mkaa. Alipopita mbele ya fremu ya fundi seremala alimwona kijana wetu anatoka humo, shuka begani na vumbi la mbao nyweleni. Alipoulizwa, alijaribu kucheka tena. Rafiki yake alikuwa amemlaza usiku mbili tu. “Kwao wamepata wageni,” akasema. Fundi alikuwa amemruhusu alale juu ya benchi lake, na hapakuwa na taa ya kusomea. Akatusihi tusimwambie mama yake.

Hilo lilituumiza kuliko lolote. Tulikuwa tukimshukuru Mola kwamba pengo letu limezibika, kumbe halikuzibika. Lilihamia kwake. Mtoto mwenye mtihani wa taifa mwezi Novemba alikuwa hana kitanda wala taa ili sisi wenye mitihani ya chuo tuwe navyo, na katika siku sita hatukumuuliza hata mara moja analala vipi.

Hatukuweza kuitunza siri yake. Tulimwendea shangazi tukamwambia tutalala chini, chumbani kwake, ili kijana arudi chumbani mwake. Aliinama kwa muda, akasema, “Na mimi niliambiwa yuko kwa rafiki yake.” Usiku ule tulitandika mikeka miwili kati ya kitanda na kabati. Tulibanana, lakini tulitosha. Tungetosha tangu siku ya kwanza, lau tungeuliza: nani anaondoka ili sisi tuingie?

Asubuhi ya tarehe 11 yule mama wa Mabibo alituachia ufunguo, ufagio na uniti saba za umeme kwenye LUKU. Mizigo yetu ilitoka Sinza kwa kirikuu, tukaihakiki kwa ile orodha, na hakuna hata kijiko kilichopotea.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna watoto vyuoni, au mtawapeleka mwaka huu. Tunawasihi wakumbusheni kwamba siku za kuhama hazipatani zenyewe. Kabla ya kutoa fedha, muulizeni mpangishaji tarehe na wala si “mwanzoni mwa mwezi”, kisha muulizeni mpangaji aliyemo ndani mkataba wake unakwisha lini. Yaandikwe: tarehe ya kukabidhiwa ufunguo, na fedha zitakavyopunguzwa au kurudishwa ikiwa siku hiyo itapita. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Kodi iliyolipwa kabla ya chumba kukabidhiwa inafanana na deni hilo, kwani mmoja ameshatoa na mwingine bado. Sisi tuliisoma aya hiyo madrasa, tukaihifadhi, na siku ya kulipa laki tano na arobaini tukatosheka na neno la mdomo.

Na ikiwa pengo limetokea, kwani hata waangalifu huwatokea, liwekeni wazi mapema. Tulijua tarehe 26 Juni, na mama alijua tarehe 2 Julai. Siku hizo zote za kuficha hazikutuhifadhia heshima yoyote. Zilituongezea uvungu wa kitanda tu. Mali ikihifadhiwa kwa watu, iandikiwe orodha. Asilazwe mtu mahali ambapo mwenyeji atavunja ahadi yake kwa ajili yenu. Na mkipokewa, tazameni ni nani aliyesogea.

Zaidi ya yote, udugu haungojewi mpaka siku ya mabegi. Wazazi, mkiwapeleka watoto mjini, msiwape namba za simu za jamaa peke yake. Wapeni na wajibu: kila mwezi mfike, hata kwa saa moja, mikono mitupu. Mlango uliozoeleka ni mwepesi kuubisha.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri tunapanda daladala kwenda Magomeni. Tunamfundisha kijana hisabati mezani ukumbini mpaka Magharibi, kisha tunaloweka mchele wa Jumapili. Bado anababaika katika milinganyo, na Novemba imekaribia. Shangazi hatuulizi tena tumekuja kwa siku ngapi. Tukifika hutusogezea ungo, nasi tunaanza kuchagua mchele.

Tunamwomba Allah (SW) amfanyie wepesi katika mtihani wake, amrehemu baba yetu kwa dada aliyetuachia, na azijaalie nyumba zetu sote ziwe na nafasi kuliko upana wake. Amin.